Nyumba ya midoli anayoitaka mteja wangu ndiyo nyumba anayokaa Baba Mkubwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi seremala wa hapa Jinja, Uganda, nina miaka 36, nina mke na watoto wawili. Zamani nilitengeneza vitanda na milango kama mafundi wengine. Siku hizi natengeneza nyumba za midoli. Najua wasomaji watacheka. Hata hapa mtaani wenye utani wanasema fundi ana nyumba ndogo nyingi na mkewe amezikubali zote. Lakini sizitengenezi kwa ajili ya watoto. Wanunuzi wangu ni watu wazima, wengi ni wamama waliostaafu huko Uingereza na Marekani, ambao huzikusanya na kuziweka sebuleni. Wenzetu walianza zamani. Pale Windsor, Uingereza, ipo ya Malkia Mary iliyokamilika mwaka 1924, ina maji ya bomba na vitabu vidogo vya kusomeka, wala haikujengwa ili mtoto aichezee. Zangu zote nazibandika karatasi inayosema ni za wakusanyaji wa miaka 14 na zaidi, maana kwa sheria za huko kitu cha kuchezea mtoto lazima kipimwe usalama kwanza, na gharama hiyo mimi siiwezi.

Kipimo changu ni moja kwa kumi na mbili: futi moja ya nyumba ya kweli kwangu ni inchi moja. Mlango wa futi 7 unakuwa inchi 7. Mabati nayapata kwenye makopo ya soda. Nalikata kopo, nalinyoosha, halafu nalibana kwenye bolti ndefu yenye nyuzi mpaka lipate mikunjo. Teraso naitengeneza kwa maganda ya mayai. Nayasaga, nachanganya na gundi na rangi, namwaga, ikikauka nasugua kwa msasa na maji mpaka ing'ae. Mke wangu hushona mapazia na magodoro. Hela yake haiji kila mwezi, lakini ikija ni ya maana.

Mwaka jana alinitafuta mama mmoja wa Leicester, mji wa huko Uingereza. Ni Mhindi wa Uganda, mmoja wa wale waliopewa na Amin siku 90 za kuondoka mwaka 1972. Wakati huo alikuwa na miaka 9. Anataka nyumba waliyokuwa wakikaa Jinja, yote, ndani na nje. Nikamweleza kwamba kwa kipimo changu itafika upana wa mita moja, na kwamba kampuni nyingi za kutuma vifurushi kwa ndege huangalia ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi la 110 kwa 80 kwa 70 linahesabiwa kama kilo 123 hata kama kilichomo kina kilo 25. Akasema atalipa. Tukakubaliana pauni 1,500 za kazi, zaidi ya shilingi milioni 7, mbali na usafiri. Akatuma nusu, na baada ya hapo akatuma picha.

Ni picha moja tu, nyeusi na nyeupe. Baba yake amesimama kwenye varanda, nyuma yake mlango wa mbao wenye vioo vidogo vidogo, na juu kabisa, kwenye ukuta wa mbele, mwaka wa ujenzi umechorwa kwa saruji: 1951. Shangazi, nyumba ile naijua. Nimekulia humo. Babu yangu alikuwa askari, akagawiwa nyumba ile Wahindi walipoondoka. Sasa anakaa Baba Mkubwa na Mama Mkubwa.

Imebadilika sana. Sebule imekatwa kwa ukuta wa matofali ili upande mmoja upangishwe, jiko la nje lilibomolewa, mwembe wa uani ulikatwa nikiwa mdogo. Karatasi za Baba Mkubwa, barua ya babu ya kugawiwa na risiti za kodi, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Miaka ya nyuma walikuja watu wawili na faili, wakasema wana hati ya uwakili kutoka kwa wenye nyumba. Mambo yakafika mahakamani, kisha watu wale wakapotea wenyewe. Tangu hapo Baba Mkubwa hataki kuona kamera. Aliwahi kumfukuza mtalii aliyesimama barabarani kupiga picha ule mwaka wa saruji.

Mama wa Leicester hunitumia sauti kwa simu, kwa Kiswahili chake cha zamani. "Fundi, wewe weka ile jiko ya nje, na ile mwembe. Mama yangu alikuwa nakaa pale chini napeta mchele." Halafu akauliza kama kwenye ukuta wa stoo bado kuna alama ambazo baba yake aliwapimia urefu, yeye na kaka yake. Zipo. Stoo haijawahi kupakwa rangi. Ni mistari ya penseli, na kando yake maandishi ya Kigujarati ambayo hatukuwahi kuyasoma. Sisi watoto wa nyumba ile tulivyokuwa tunakua tuliendelea pembeni yake kwa mkaa. Mimi nimo. Mwisho akauliza: "Nani nakaa pale sasa? Watu mzuri?" Nikamjibu kuhusu bei ya mbao.

Sasa Baba Mkubwa ameniita nikamtengenezee milango miwili iliyoliwa na mchwa. Mke wangu anasema Mungu amenifungulia njia: nitashinda humo na tepu mkononi, nipime kila kitu, nipige picha kimyakimya, hakuna atakayeumia. Mdogo wangu anasema nirudishe hela za watu kabla sijaleta kesi nyumbani. Lakini sehemu ya hela hiyo imeshakuwa mbao na msumeno wa umeme, na nyingine imekwenda ada ya watoto. Nifanye nini?

Fundi, Jinja


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera kwanza kwa kazi yako. Mtu anayekunja kopo la soda likawa bati hana sababu ya kuwaonea haya wanaocheka.

Ngoja nilirudie jambo lako nione kama nimekuelewa. Una wazee wawili. Mmoja amekupa picha ya baba yake pamoja na nusu ya hela. Mwingine amekulea, na anakuita wewe kwenye milango yake wakati Jinja imejaa mafundi. Wote wanakuamini, na hakuna anayejua kwamba mwenzake yumo kwenye maisha yako. Unaniuliza upime au usipime. Lakini nikiisoma barua yako naona kilichokunyima usingizi ni lile swali la "nani nakaa pale sasa", ulilolijibu kwa bei ya mbao.

Tuanze na vipimo, kwa sababu hapo nina la kukuuliza. Utapima nini hasa? Mama huyu ameomba jiko la nje, umesema lilibomolewa. Ameomba mwembe; ulikatwa. Sebule aliyoijua yeye haikuwa na ukuta wa matofali katikati. Ukiingia na tepu yako utatoka na vipimo vya nyumba ya Baba Mkubwa ya leo, nayo siyo aliyoiagiza mteja. Anayoitaka yeye iko kichwani mwake na kwenye picha ile moja. Kilichobaki cha kweli, kwa maelezo yako mwenyewe, ni kuta za nje, ambazo mtalii yeyote huziona akiwa barabarani, na zile alama za stoo. Kwa hiyo kabla ya kujadili kama ni halali kupima kwa siri, jiulize kama siri hiyo inakupa chochote.

Mkeo simlaumu, ana watoto wa kulisha. Anaposema hakuna atakayeumia, kwa upande mmoja ana haki: hakuna hakimu atakayempa mtu kiwanja kwa sababu ana mfano wake wa mbao. Lakini picha za ndani, pamoja na mtaa, zikishatoka mkononi mwako huwezi kuzirudisha. Wakusanyaji hupenda kuonyeshana kazi, na Leicester imejaa watu waliotoka Jinja, Tororo na Mbale. Nyumba yenye mwaka 1951 kwenye kipaji chake itatambuliwa na wazee wawili watatu siku ya kwanza, na simu za siku hizi unazijua. Baba Mkubwa akisikia habari hiyo kwa mtu mwingine, na akakumbuka ni nani alikuwa anatengeneza milango wiki ile, utamweleza nini?

Sasa kuhusu hofu yako kwa mama wa Leicester. Unamwogopa kana kwamba amekuja na faili. Lakini tazama anachouliza: mwembe, jiko, alama za urefu. Hajataja namba ya kiwanja wala hati. Sheria ya kuwawezesha wenye mali kurudi na kudai ilitungwa mwaka 1982, na miaka ya tisini wengi waliorudi walipata nyumba zao. Barabara nzima pale Jinja zina ushahidi wa hilo. Familia yake huenda ilidai ikashindwa, au iliamua kutodai. Hujui, nami sijui. Isipokuwa nitakuongezea jambo moja, nisije nikaonekana namtetea tu: hata kama mama mwenyewe hana nia, anaweza kuwa na mtoto wa kaka mwenye nia, naye akazikuta picha zako mezani. Upole wa mteja si dhamana.

Na Baba Mkubwa je? Umeshaamua kwamba atakataa. Labda atakataa kweli. Ila hofu yake ni ya watu wenye mafaili, na barua yako haisemi kama aliwahi kuulizwa habari za waliokaa pale kabla yake. Katika nyumba za namna hiyo nimewahi kukaa na wazee wakaniambia mambo ambayo watoto wao hawajawahi kuyasikia: jirani aliyeacha ufunguo kwa mpishi, mama aliyeondoka na sufuria likiwa bado jikoni. Nashangaa kama anajua yaliyowakuta huko walikokwenda. Mwaka huo huo wa 1972 baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, hapa hapa Uganda, likiwaomba Wahindi wasiende mjini kwao. Wakaenda, kwa maelfu. Mzee aliyefukuza mtalii huenda akasikiliza habari ya mtoto wa miaka 9 aliyefukuzwa huku na kukatazwa kule. Huenda pia akakuambia ufunge mdomo na utengeneze milango. Wewe ndiye unayemjua.

Hofu yake hata hivyo usiidharau. Barua ya kugawiwa siyo hatimiliki. Mali zilizobaki chini ya Bodi ya Mali za Waasia Walioondoka zimezaa migogoro mingi, hadi Bunge likafanya uchunguzi. Mimi si mwanasheria, lakini lile sanduku la bati lingepaswa kusomwa na mwanasheria hata kama usingewahi kutengeneza nyumba ya midoli maishani. Kama Baba Mkubwa angejua anasimama wapi, pengine kamera isingemtisha kiasi kile. Au ingemtisha zaidi. Hiyo nayo ni hatari, kwa sababu kuna wazee wanaoishi vizuri kwa kutojua, na ukimsukuma kwenye ofisi ya ardhi unaweza kumwamshia jambo lililolala.

Njia nyingine ni kujenga kwa picha na kumbukumbu. Hapa wewe ni mwalimu wangu, lakini nadhani mlango ule wa vioo, ukiuhesabu futi 7, utakupa kipimo cha ukuta wote wa mbele. Yaliyobaki muulize mwenyewe, kidogo kidogo: ngazi za varanda zilikuwa ngapi, alikuwa anafikia wapi kwenye dirisha la jikoni, mwembe ulitia kivuli upande gani asubuhi. Unaweza hata kumshauri asifanye nyumba nzima. Nimesoma kwamba bibi mmoja Mmarekani, Narcissa Thorne, aliwatumia mafundi kutengeneza vyumba tu, kila kimoja ndani ya boksi lake na kwa kipimo hiki hiki chako, na vyumba vyake 68 viko kwenye makumbusho ya sanaa pale Chicago. Uani mmoja, wenye jiko, mwembe na ungo wa mchele, ungeingia kwenye boksi dogo, na usafiri wake ungekuwa mwepesi. Bei yako nayo ingeshuka, hilo lazima ulikubali, na mama anaweza kusema alilipia nyumba na anataka nyumba.

Lakini ukichukua njia hiyo bado hujajibu swali lake. Utakuwa unazungumza naye miezi, akikueleza mama yake alivyokuwa anapeta mchele, nawe unajua stoo ile ina mkaa wako. Watu wengine wanaweza kuishi na jambo kama hilo. Wewe umeniandikia barua ndefu.

Ukitaka kusema, kuna suala la nani aanze. Ukianza na mama, unaweza kumwambia kwamba nyumba ipo na ina watu unaowajua, bila kutaja jina wala kutuma picha. Ni kweli, ingawa ni kweli nusu, na atakapouliza zaidi utahitaji kuwa na ruhusa ya mwenye nyumba. Anaweza kufurahi. Anaweza pia kuumia kwamba ulikaa na picha ya baba yake muda wote huo bila kumwambia. Ukianza na Baba Mkubwa, usiende peke yako na usianze na hela. Mama Mkubwa yupo. Wanawake wa nyumba mara nyingi wanajua mlango gani wa mzee hufunguka na saa ngapi. Neno litakaloumiza ni lile la kwamba mtoto wa nyumbani anawauzia Wahindi nyumba yetu, na likishasemwa kwenye ukoo halifutiki kwa maelezo. Kwa hiyo fikiri nani atalisikia kwanza, na kwa maneno ya nani.

Ushauri wa mdogo wako, kurudisha hela, nao una heshima yake. Hutakuwa umemsaliti yeyote. Gharama yake ni kwamba utalazimika kumpa mama sababu, na sababu ya uongo itakurudisha pale pale. Kama ni kurudisha, unaweza kukubaliana naye ulipe kwa awamu, na mbao hazitaoza. Nyumba nyingine zitakuja. Sijui kama moyo wako utatulia, kwa sababu barua yako haikuandikwa na mtu aliyechoka na kazi hii. Uliposimulia mwaka ule wa saruji nilisikia fundi aliyekwisha kuanza kuuchonga.

Alama za stoo ningekuomba uziache ziwe za mwisho. Ziko ndani ya nyumba ya mtu, na kuzipiga picha bila ruhusa yake ni kuchukua kitu chake, hata kama penseli si yake. Halafu utaziwekaje? Utachora za penseli peke yake, au na za mkaa zilizo pembeni? Mama wa Leicester ndiye wa kusema, na hawezi kusema bila kujua kwamba za mkaa zipo na ni za nani. Huenda akazitaka. Huenda akasema hapana, nyumba yake iishie 1972, na akisema hivyo itabidi uone kama mkono wako utakubali.

Milango ya Baba Mkubwa nenda ukaitengeneze vyovyote utakavyoamua. Mchwa hawana habari na mambo yenu. Hela iliyobaki ya mama iweke kando kwa sasa, hata kama muhula unakaribia, mpaka ujue unaelekea wapi. Na ukishaongea na mmoja wao, yeyote utakayeanza naye, niandikie.